Ratiba ya Jiho

Mimi si mwizi. Nimesafisha nyumba za watu mwaka wa kumi na moja huu, nimekuta pete juu ya masinki na noti ndani ya mifuko ya suruali, na sijachukua hata pini. Kitu pekee nilichowahi kutoka nacho kwenye nyumba ya mtu ni karatasi moja, na hiyo nayo sikuibandua ukutani. Niliipiga picha kwa simu, basi.

Nyumba yenyewe iko New Malden, mahali ambapo Wakorea wameshazoea mpaka baadhi ya maduka yao hayajisumbui kuandika Kiingereza. Kutoka kwetu Thornton Heath nachukua treni mpaka Clapham Junction, nabadilisha, na kila Jumanne na Ijumaa saa tatu asubuhi niko mlangoni nimeshavua viatu. Hilo la kuvua viatu lilinifanya nimpende mwenye nyumba tangu siku ya kwanza. La pili lilikuwa jina. Wakorea nao, kama sisi Wapemba, mwanamke akishazaa huitwa kwa jina la mtoto wake. Yeye akaniita Mama Haifa, mimi nikamwita Mama Jiho, na jina alilopewa na wazazi wake mpaka leo silijui.

Jiho sikumwona. Nilichokiona ni chumba chake, na kila Ijumaa nilikifuta vumbi. Meza yake ya kusomea ilikuja kwa meli kutoka Seoul. Mashati ya skuli yalikuwa yametundikwa yamepigwa pasi, penseli zimechongwa, vitabu vimepangwa kwa urefu. Baba yake nilijua yuko kwao Korea, anafanya kazi na kuwatumia pesa, basi nikajijibu mwenyewe kwamba mtoto naye yuko huko huko, chuo kikuu. Sikuuliza. Nimelelewa kwamba mambo ya nyumba ya mtu huyaulizi mpaka mwenyewe ayafungue.

Mtoto niliyemwona ni Sua, msichana wa miaka tisa. Huyo, bwana, alikuwa akirudi skuli magoti yana matope, anatupa mkoba sebuleni na kukimbilia bustanini kurukaruka juu ya kitambaa cha kurukia, na mama yake hamuulizi hata kama kapewa kazi ya nyumbani. Mwanzo nilicheka. Baadaye nikaanza kukasirika. Kumbe hata Wakorea, nilisema moyoni. Wa kiume kachongewa penseli, wa kike kaachiwa aruke kama chura.

Hasira hiyo ilikuwa yangu mwenyewe, nakubali. Mimi nilitolewa skuli Wete nikiwa darasa la nane ili niwaangalie wadogo zangu, na kaka zangu wawili wakaendelea mpaka wakamaliza. Mmoja leo ana ofisi yenye kiyoyozi. Mimi nina ndoo na magoti yanayouma. Nilipomzaa Haifa hapa London niliapa kwamba huyu hatoshika ndoo ya mtu.

Siku moja napiga pasi nikamuuliza Mama Jiho kwao watoto wanasoma vipi. Kiingereza chake na changu vyote vya kuungaunga, lakini tulielewana. Akaniambia mtoto wa Korea anatoka skuli jioni na kuingia skuli nyingine, ya kulipia, na huko anakaa mpaka saa nne usiku. Serikali ya mji ilibidi itunge sheria ya kuzifunga saa hiyo, la sivyo zingekesha. Skuli inapofunguliwa asubuhi, watoto wengine wanalala juu ya madawati, na walimu wengine wanawaacha kwa sababu wanajua wametoka wapi. Yote hayo ni kwa ajili ya siku moja tu ya mtihani wa kuingia chuo kikuu, Alhamisi moja ya mwezi wa Novemba. Siku hiyo maofisi yanachelewa kufunguliwa ili barabara ziwe nyeupe. Mtoto aliyechelewa anapakiwa kwenye gari la polisi. Wakati wa mtihani wa kusikiliza Kiingereza, ndege haziruhusiwi kutua wala kupaa, na kina mama wameshaomba Mungu siku mia moja mfululizo. Vyuo vinavyotajwa kwa heshima ni vitatu. Ukivikosa, utaulizwa mpaka uzeeni kwa nini ulivikosa.

Aliyasema haya bila kuniangalia, anakunja soksi. Mimi nilikuwa nimeacha pasi hewani. Nchi nzima inanyamaza kwa ajili ya mtihani wa watoto! Kwetu mtihani ukianza ndipo umeme unakatika. Niliona wivu, sisemi uongo.

Ijumaa ya wiki ile ile, nikifuta meza ya Jiho, nikaitazama vizuri karatasi iliyokuwa juu yake ukutani. Ilikuwa ratiba, imeandikwa kwa mkono, mistari imepigwa kwa rula. Simu za siku hizi zinasoma kila lugha. Nikaipiga picha, na ndani ya treni nikaisoma yote kwa Kiingereza. Kuamka saa kumi na dakika arobaini alfajiri. Maneno mia moja. Hesabu. Kula, dakika kumi na mbili. Daftari la makosa, yaani kila swali ulilokosa unaliandika upya mara tatu na kueleza kwa nini ulikosa. Nikaona nimeokota dodo. Haifa alikuwa na miaka kumi, na Septemba alikuwa na mtihani wa kuingia zile skuli za serikali za Sutton zinazochuja watoto kama mchele. Wenzake wa mitaa ya wenye pesa wana walimu wa kuja nyumbani. Sisi tulikuwa na ratiba ya mtoto wa chuo kikuu cha Seoul, bure.

Nikaibandika kwenye friji letu mwezi wa Januari.

Mume wangu, Talib, anaendesha basi, na ni mtu asiyepandisha sauti. Asubuhi ya tatu alisimama mlangoni pa jikoni ameshavaa sare.

"Mama Haifa, mtoto huyu humwamshi kwa sala, unamwamsha kwa hesabu?"

"Sala anasali pia."

"Ana miaka kumi. Mwache alale."

"Mimi niliachwa nilale, Baba Haifa. Nitazame nilipo."

Akachukua chupa yake ya chai akaenda zake. Hakulisema tena kwa muda mrefu, na mimi nikahesabu kwamba nimeshinda.

Na matokeo yalikuja, usidhani hayakuja. Kwenye mitihani ya majaribio Haifa alitoka sitini na moja akafika sabini na nane, akafika themanini na tisa. Mwalimu wake aliniita kunipongeza. Mtoto mwenyewe alikuwa kimya, lakini mimi hupenda mtoto kimya. Nikimuuliza kwa Kiswahili kama amechoka, ananijibu, "I'm fine, Mama," na kuanza kula haraka haraka huku anaitazama saa ya jikoni, zisije dakika kumi na mbili zikampita. Nilimsifu kwa hilo. Mungu anisamehe, nilimsifu.

Mwezi wa Mei, nikimfungua nywele bafuni, nikakuta upara nyuma ya sikio, mkubwa kama kifuniko cha chupa. Kwa kuwa anavaa mtandio skuli na nyumbani anazifunga, hakuna aliyekuwa ameuona. Nikasema ni punye, kapata kwa watoto wenzake. Nikanunua dawa Thornton Heath, nikampaka asubuhi na jioni. Wiki mbili baadaye ulikuwa umezaa wa pili. Nikaona aibu, sikumwambia mtu, hata Talib. Nikabadilisha dawa.

Juni akapata tisini na sita, wa kwanza kati ya watoto wote wa kituo cha majaribio. Ijumaa nilikwenda New Malden roho juu. Mama Jiho alikuwa amekaa jikoni anamenya pea, zile pea zao kubwa za duara kama tufaha, ananikatia vipande kama kawaida yake. Nikamwambia. Nikamwambia na zaidi, kwamba shukrani ni zake, kwamba Haifa wangu anafuata ratiba ya Jiho tangu Januari. Nikampa simu aione ile picha.

Akaweka kisu chini.

"Anaamka saa ngapi?"

"Kama ilivyoandikwa."

"Anakula?"

"Anakula. Haraka, lakini anakula."

Akanitazama. Katika miaka yangu miwili pale hakuwahi kunitazama hivyo, machoni, bila kukwepa. "Nywele zake?"

Mikono yangu ilikuwa imesharudi ndani ya maji ya vyombo, na glavu zake za mpira. Nilihisi maji yamekuwa ya baridi ghafla. Habari ya nywele sikuwa nimemwambia kiumbe yeyote.

Aliifuta ile picha kwenye simu yangu, kisha akatafuta mahali simu inapohifadhi vilivyofutwa, akaifuta tena. Halafu akasema, taratibu, kwamba Jiho alikuwa na miaka kumi na sita. Kwamba Jiho naye alianza kung'oa nywele, na yeye mama yake akamnunulia kofia. Kwamba siku ile asubuhi mwalimu alipiga simu kumpongeza, Jiho katoka wa kwanza skuli nzima, na jioni waliopiga simu walikuwa polisi. Alijitoa roho mwenyewe.

"Wa kwanza," akarudia. "Nilikuwa nimeshanunua keki."

Nilikaa kwenye kiti chake bila kukaribishwa. Kwetu mtu akifa, nguo zake hugawiwa kabla arobaini haijafika. Unabakisha kanzu moja labda, au tasbihi. Chumba kinakaliwa na mtu mwingine. Nani anapiga pasi mashati ya maiti? Ndiyo maana mwaka wa pili nafuta vumbi kaburini kwa mtoto wa watu na sikujua. Nikamuuliza, kwa kuwa sasa alikuwa amefungua mwenyewe, kwa nini chumba kiko vile.

"Mama mkwe alitaka vitu vya Jiho vichomwe," akasema. "Nikavipakia kwenye meli."

"Na Sua?"

"Sua nilimleta huku asijifunze kushindana. Baba yake akipiga simu na kuniuliza Sua ni wa ngapi darasani, nakata simu."

Nje bustanini kile kitambaa cha kurukia kilikuwa kimetulia, mtoto hajarudi. Miezi yote ile nilimhukumu mama huyu kwamba hamjali binti yake. Nilijiona mwerevu, tena mwerevu mwenye uchungu, na hao ndio wabaya zaidi. Mama Jiho akanivua glavu za mpira mwenyewe, moja moja, kama unavyomvua mtoto.

"Nenda," akasema. "Sakafu iache. Nenda sasa hivi."

Nilimchukua Haifa skuli kabla ya wakati. Nyumbani nilimkalisha dirishani penye mwanga nikamfungua mtandio. Punye huacha magamba. Pale hapakuwa na gamba hata moja, palikuwa na ngozi laini na vijinywele vilivyokatika karibu na mizizi, na sasa zilikuwa sehemu tatu. Nikamuuliza anazing'oa lini.

"Nikifanya hesabu," akanijibu kwa Kiingereza, bila woga, kama ananieleza matumizi ya rula. "Inanisaidia kufikiri. Sitoi damu, Mama."

Nikaenda jikoni nikaichana ratiba mbele yake. Nikamwambia basi, imekwisha, hakuna kuamka alfajiri, hakuna daftari la makosa, mtihani hatuendi. Nilidhani ataruka kwa furaha. Nilitaka aruke. Alisimama ameshika ukingo wa meza, akaniuliza alichokosa ni nini. Akasema amepata tisini na sita. Akasema manne yaliyobaki anayajua yote, anaweza kunionyesha sasa hivi, nisubiri tu akalete kalamu.

Kesho yake nilipoingia jikoni saa kumi na moja alfajiri nilimkuta mezani amevaa koti juu ya nguo za kulalia. Ratiba ilikuwa kwenye friji. Alikuwa ameiandika upya kwa kichwa, mistari imenyooka kwa rula.

Talib aliposikia yote hakunilaumu. Afadhali angenilaumu. Aliomba ruhusa kazini, tukampeleka kwa daktari, na daktari akawa mpole, akaandika barua, akatuambia orodha ya kumwona mtaalamu wa watoto ni ndefu, huenda ikafika miezi saba. Alituambia katika muda huo mtoto acheze. Alilisema jepesi tu, kama dawa inayouzwa kila duka.

Jumamosi nikampeleka bustani ya watoto karibu na kwetu. Kulikuwa na jua. Watoto walikuwa wanapiga kelele juu ya mtelezo, na Haifa alikaa kwenye bembea, miguu chini, haisukumi. Nikamwendea.

"Cheza, mwanangu."

"Ni minutes ngapi?"

"Za nini?"

"Za kucheza. Mama, ni minutes ngapi?"

Nikamwambia hakuna dakika. Nikamwambia acheze mpaka achoke, na akichoka apumzike, na akitaka aanze tena. Macho yakamjaa machozi. Akasema hajui hiyo inafanywa vipi, nimuoneshe. Na mimi niliyetolewa skuli nikalee watoto wa mama yangu nilisimama pale nimeshika mnyororo wa bembea, nikijaribu kukumbuka, na sikuwa na la kumuonesha. Akashuka, akaja akakaa kwenye benchi karibu yangu, akaweka mikono yake chini ya mapaja na kuikalia kwa nguvu ili isipande kichwani, akaniuliza tutarudi nyumbani saa ngapi.