Amonia Iliyokosa Njia ya Kurudi

Amonia ilikuwa imepotea tena, na Charmi hakujua amlaumu nani.

Alikuwa ametengeneza modeli ya kompyuta ya hewa ya sayari moja kubwa ya gesi, inayozunguka nyota ya mbali. Ili kuijaribu, alizima mwanga wa nyota, akazima upepo, akaiacha hewa itulie kwenye joto lake. Gesi nyingine zote zilitulia. Amonia, iliyopaswa kutulia nayo, ilizidi kupungua hadi ikaisha. Profesa Dushyant, msimamizi wake, ndiye aliyeandika, katika makala moja, kwamba sayari ile haina amonia. Makala hiyo ndiyo iliyompa jina pale chuoni Ahmedabad, India, na tasnifu ya Charmi ilisimama juu yake.

"Sasa Profesa yuko sahihi, au wote tumepotea njia moja?" alimuuliza Urvish, jirani yake wa meza.

"Mimi niulize habari za chai, dada," Urvish alijibu huku akivunja khakhra, mkate wake mkavu mwembamba. "Kichwa chako kinachemka kuliko hiyo sayari."

Charmi akaipitia mimenyuko ya kikemia iliyomo kwenye modeli, mmoja baada ya mwingine. Mingi waliiazima kwa watafiti wa injini za magari. Akaukuta mmoja unaokwenda upande mmoja tu: amonia inavunjika, basi, haiundwi tena. Kwenye injini ni sawa, moshi hutoka nje ukaenda zake. Kwenye sayari utoke uende wapi? Akauwekea njia ya kurudi. Amonia ikajaa tele. Akapunguza joto kidogo tu, na amonia ikapotea tena, kinyume na alivyotarajia. Hapo akachanganyikiwa kabisa. Akawatumia watafiti wenzao wa mji wa Bengaluru majibu yote, akiomba msaada.

Kabla ya chakula cha mchana Profesa alikuwa amesimama mezani kwake.

"Charmi, wa Bengaluru wamenipigia simu! Umenivua nguo mbele za watu! Ulishindwa kuja kwangu kwanza?"

"Nilikuja, Profesa. Ukaniambia injini hazidanganyi."

Urvish akaacha kutafuna.

"Waandikie sasa hivi kwamba umekosea. Waombe radhi, na mimi uniombe. La sivyo, utafute msimamizi mwingine."

"Kwani nimekosea wapi?"

Profesa akainamia mchoro wa majibu uliokuwa mezani. Akausogeza mchoro karibu na macho.

"Sijui," alisema mwishowe, kwa sauti ndogo.

"Hata mimi sijui, Profesa. Na nimewaandikia hivyo hivyo, kwamba sijui. Msimamizi nitamtafuta. Radhi siombi."