Kahawa Si Chakula

Jirani yangu Clavery, mzee wa kanisa hapa Bugene, alivumilia maumivu ya tumbo siku nne akisema ni gesi. Siku ya tano tulimbeba. Hospitalini wakakuta vijifuko vya utumbo mpana vimevimba na kupata uambukizo. Akatibiwa, akapona, akaambiwa arudi baada ya wiki sita aingizwe kamera kwa njia ya nyuma, ihakikishwe kwamba hakuna saratani iliyojificha humo.

"Mimi?" akafoka. "Mtu mwenye wakwe!"

Mkewe, Dafroza, akamjibu taratibu, "Hata kaka yako Anatory alikuwa na wakwe. Wote walikuja kumzika."

Anatory aliuawa na saratani hiyohiyo ya utumbo. Clavery akakubali.

Sharti lilikuwa moja: siku ya kuamkia kipimo asile kitu, anywe maji tu na dawa ya kuharisha ya kusafishia utumbo. Jioni nikaenda kumtia moyo. Akanitolea kikapu cha kahawa za kutafuna, buni zilizokaushwa, kama ada yetu ya kumkaribisha mgeni. Yeye hakugusa.

"Unanipa kahawa hujatafuna mwenyewe?" nikamtania. "Umenitilia sumu?"

Mnyambo, mtu wa kabila letu, havumilii neno hilo; mwenyeji hutafuna kwanza. Akatafuna. Tukakubaliana, wazee wawili wenye akili zetu, kwamba kahawa si chakula, ni salamu. Tukasalimiana mpaka kikapu kikaisha.

Kesho yake Daktari Joanitha, binti wa kijiji cha Nyakakika, akasimamisha kamera.

"Babu, jana ulikula nini?"

"Sikula."

"Mbona naona kahawa?"

"Hiyo si chakula."

"Sawa, babu. Basi ni pazia. Kama saratani ipo, imekaa nyuma yake inatafuna pamoja na wewe."

Akapangiwa wiki iliyofuata. Safari hiyo, jioni ya kuamkia kipimo, Dafroza alinipokea njiani, kabla sijafika uani.

"Shikamoo, shemeji. Geuza."

Kamera ikapita. Wakaona kinyama kimoja, wakakikata, wakakipeleka maabara. Siku kumi na mbili Clavery hakutania mtu. Majibu yakaja: bado hakijawa saratani, ila kingeachwa kingeweza kugeuka.

Sasa yule mwenye wakwe anaweka picha ya utumbo wake ndani ya Biblia. Jumapili iliyopita, kwenye sherehe ya ubatizo, aliizungusha meza nzima, akianzia kwa mkwewe.

"Baba Edgar," Dafroza akamwambia mumewe, "watu wanakula."