Kofia Mbele ya Jeneza

Watu wa televisheni walipokuja mjini kwetu Barnsley, Uingereza, kurekodi tamthilia yao ya muziki, waliwachukua wazazi wangu wasimame barabarani pamoja na majirani. Kazi ilikuwa rahisi: santuri ya zamani inapigwa, wao wanachezesha midomo kana kwamba wanaimba. Mwongozaji aliwaonya wasiache hata gari la jeneza likipita. Jeneza lenyewe lilikuwa tupu.

Likapita. Baba akafunga mdomo, akavua kofia, akainamisha kichwa. Kwetu mwanamume hampishi maiti na kofia kichwani, na mkono wake haukungoja ruhusa. Mwongozaji akapiga kelele, mara mvua ikashuka wasiweze kurudia, na kipande kile kile ndicho kilichorushwa hewani. Baba hakukitazama.

"Niliwaharibia kazi," alisema, na akang'ang'ania hapo miaka minne.

Katika miaka hiyo Mama akafariki. Kanda ya tamthilia ile ninayo mimi, na hakuna picha nyingine inayomwonyesha akijongea. Mzee mbishi hataki kuiona! Nilimkasirikia kweli.

Hollywood ilipoitengeneza upya tamthilia ile, nilimdanganya kwamba tunakwenda kula samaki na chipsi, nikamwingiza sinema. Na mimi nilitaka kujua wameufanyaje mtaa wetu. Basi mtaa umehamia Marekani, barabara inang'aa, na majirani ni wacheza dansi sitini wenye meno meupe pe. Sikuona sura hata moja iliyochoka. Kisha likaja gari la jeneza, na wote sitini wakavua kofia kwa mpigo mmoja.

Baba akanishika mkono. "Maureen, hawa wameniiga mimi?"

"Wamekuiga, Baba. Kosa lako limevuka bahari."

"Mbona hawainamishi vichwa?"

"Nywele zao zitatimka."

Akacheka mpaka tukanyamazishwa. Nje akasema, "Haya, twende nikaione yetu."

Nyumbani alisogeza kiti karibu na televisheni. Akajiona, kofia mkononi, mtaa mzima ukiimba bila yeye. Nyuma yake alikuwa Mama, Winnie wake. Kamera hana habari nayo. Anamtazama mumewe, anacheka, na midomo imeuacha wimbo kabisa.

"Kumbe na Winnie alikosea," Baba akasema polepole.

Nikanyoosha mkono nizime.

"Wee, acha. Rudisha nyuma. Siyo kwangu. Pale anapoanza kucheka."