Boti Iliyokuwa Mpaka

Kwetu Old Moshi, katikati ya migomba na kahawa, kuna boti. Cheka tu, wengi wamecheka kabla yako.

Babu alivua samaki bwawa la Nyumba ya Mungu enzi za ujana wa baba yangu. Samaki walipopungua, alikodi lori akaipandisha boti yake mlimani na kuiweka kihambani, kwenye shamba la ukoo. Watu wakamwuliza kama ameoteshwa gharika. Yeye akawajibu kwamba mali haitupwi bondeni. Alipozeeka akagawa kihamba kwa wanawe wawili, na badala ya kupanda masale mpakani kama Mchagga yeyote mwenye akili zake, akanyoosha fimbo na kusema boti ndiyo mpaka. Nusu ya mbele ya Ebenezeri, ambaye ni baba yangu. Nusu ya nyuma ya Primus, baba yangu mdogo.

Sasa, nyuma ya boti ndiko inakokaa mashine, pamoja na mkono wake wa kuongozea. Jambo hilo lilimchoma Baba mpaka siku ya matanga ya babu, pombe ya mbege ilipomkolea, akamwita mdogo wake mwizi mbele ya waombolezaji. Eti alimlainisha mzee hadi akapewa mashine. Baba mdogo alisimama akasubiri aombwe radhi. Akasubiri zaidi ya miaka kumi.

Hawakusalimiana tena, hata kanisani. Kuku wa Baba walitaga mbele ya boti, baba mdogo alilundika majani ya ng'ombe wake nyuma, na mbao zikaendelea kuoza pande zote mbili bila upendeleo.

Mimi naitwa Kindness. Walionibatiza walikuwa hawajanijua. Nafuga kuku Shirimatunda, na ni mimi niliyempeleka Baba kwa daktari wa macho mwaka jana. Daktari alisema ni presha ya macho: kilichokwisha kupotea hakirudi, na kilichobaki huenda nacho kikaondoka. Njiani nilimwuliza Baba anataka nini, nikitegemea aseme anataka kuwaona wajukuu.

"Nataka kuendesha boti," alisema. "Mara moja tu, kule kule bwawani, kabla sijawa kipofu."

"Boti gani, Baba?"

"Yetu."

"Yako ni nusu. Na hiyo nusu haina mashine."

"Basi nitatengeneza nusu yangu."

Nampenda baba yangu. Lakini siku ile nilitamani kumshusha njiani apande mlima kwa miguu, labda akili ingemrudia.

"Nenda kamwombe radhi baba mdogo," nilimwambia. "Neno moja tu."

"Kindness," alisema, "wewe fuga kuku."

Wahenga walisema ndugu wakigombana, shika jembe ukalime. Mimi nilimtafuta fundi seremala. Akaja kijana anayeitwa Praygod, akawafukuza kuku, akagongagonga mbao, kisha akatikisa kichwa.

"Mzee, huu ubao umeoza toka mbele hadi nyuma. Inabidi nitoe wote."

"Toa mpaka hapa." Baba alikuwa amefunga uzi katikati ya boti.

"Ubao haujui mpaka, mzee. Nikiukata hapo, maji yataingilia hapo hapo."

Halafu kutoka ng'ambo ya migomba ikasikika sauti ya baba mdogo, akimwambia mkewe kwa nguvu kana kwamba mama mdogo Bernadetha ni kiziwi: "Mama, mwambie huyo fundi ubao autoe wote! Ila misumari ya upande huu nitanunua mwenyewe!"

Hivyo ndivyo boti ilivyoanza kupona, kwa ugomvi. Baba alipoleta pamba na lami ya kuzibia nyufa zake, kesho yake baba mdogo alileta za kwake. Baba akapaka bluu hadi kwenye uzi. Baba mdogo akatafuta rangi ya njano kali kuliko zote mjini Moshi, akapaka kuanzia kwenye uzi. Baba akasugua, yeye akasugua zaidi. Praygod alikula kiburu upande wetu na machalari upande wa pili, akanenepa, na kila mmoja akimwuliza kazi ya nani inapendeza, alijibu, "Mpaka sasa, ya kwako, mzee."

Mashine nayo baba mdogo aliitoa kwenye gunia uvunguni mwa kitanda chake, akaipeleka gereji kwa Amarjit. Ilirudi ikinguruma. Akaiwasha kwenye pipa la maji uani kwake, wakati Baba anakunywa chai, akaiacha ingurume hadi chai ikapoa. Nilimtazama Baba. Hakukasirika. Alikuwa amefumba macho, mkono wake wa kulia umekunjika juu ya goti, unageuka taratibu huku na huku. Nilitoka nje, maana mimi silii mbele za watu.

Lori lilipokuja kuchukua boti, vijana wa jirani wakajipanga kubeba. Hakuna aliyegusa. Kwetu anayeng'oa mpaka hujitakia laana, na kanisani nako tunafundishwa hivyo hivyo. Wazee wawili wakasimama kila mmoja kwao, wametazama mbele kama wapigwa picha.

Mama mdogo Bernadetha ndiye aliyechoka.

"Masale si yapo?" alisema. "Pandeni masale, boti iende."

Baba alikata mzigo wa masale kwenye uzio wake. Vijana wakaivuta boti pembeni, na pale ilipokuwa ukabaki ukanda mrefu wa udongo usio na hata jani moja. Baba mdogo akachimba mashimo, kwa sababu Baba asingeyaona. Ikabaki masale yatoke kwenye mikono ya mmoja yafike kwa mwingine, na hapo ndipo watu walipoacha kutafuna miwa.

Isale ukilipanda ardhini ni mpaka. Lakini ukimnyooshea mtu, unamwomba msamaha, naye hawezi kukataa. Hata mtoto wa chekechea kwetu analijua hilo. Praygod alijua pia, ndiyo maana akakimbilia kuubeba mzigo ili auweke tu chini karibu na mashimo.

"Acha," Baba alisema.

Alichomoa isale moja. Akalifuta kwa mkono wa shati, akavua kofia, akalishika kwa mikono miwili. Akapiga hatua mbili na kulinyoosha kwa heshima zote kwa Praygod.

Praygod aliruka nyuma. "Mzee! Mimi hujanikosea kitu!"

Mtu mmoja alicheka, akanyamaza mwenyewe. Baba alibaki palepale, mikono mbele, anageuza kichwa kutafuta umbo la mdogo wake kwenye ukungu wa macho yake. Niliona aibu, huruma na hasira kwa pamoja, na nilikuwa tayari kwenda kumgeuza mwenyewe. Lakini baba mdogo alikwisha kutupa jembe. Alivuka ukanda ule wa udongo, akaja kusimama mbele ya ile mikono.

"Niko huku, Ebenezeri."

"Sawa."

"Unajua unachonipa?"

"Macho ndiyo yameharibika, Primus. Akili ninayo. Sikupaswa kukuita mwizi."

Baba mdogo alilipokea isale. Alilitazama muda mrefu, kisha akasema, "Aika," yaani asante, akainama akalipanda kwenye shimo la kwanza, akilishindilia kwa ngumi.

Bwawani tulifika jua likiwa bado na huruma. Boti ilishushwa, ikaelea, ikavuja kidogo pale kwenye uzi, lami ya mmoja ilipokutana na ya mwingine, Praygod akaiziba. Baba mdogo alikaa nyuma kwenye mashine, mahali pake. Baba akapanda akipapasa, akavuka bluu yote hadi ilipoanza njano.

"Primus," alisema. "Naomba nikae kwako."

Baba mdogo aliinuka, akamshika mkono, akamkalisha, akamwekea kiganja kwenye mkono wa mashine. Kisha yeye akaenda kukaa mbele kabisa, kwenye bluu ya kaka yake, awe macho.

Mimi na mama mdogo tulibaki ufukweni. Boti iliondoka ikiwa imepinda.

"Kulia!" baba mdogo alipiga kelele. "Nimesema kulia!"

"Kulia kwako au kwangu?"

"Kulia ni kulia! Kuna mtego wa watu hapo!"

"Sema mapema basi!"

"Nilisema!"

Mama mdogo alikaza khanga yake. "Na tulifunga na kuomba ili hawa waongee," alisema.

Waligombana hadi wakafika mbali, pale bwawa linapopanuka. Hapo kelele zikakatika. Nikashika mkono wa mama mdogo, nikidhani wameanza tena kununiana. Halafu sauti ya baba mdogo ikatufikia juu ya maji, ya taratibu, ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

"Nyoosha tu, kaka. Mbele ni maji matupu."

Na Baba, ambaye kutoka pale alipokaa asingeweza kuiona hata bluu yake mwenyewe, akaongeza mwendo.