Kidoti cha Kijani

Itangazwe kwa wote, wakubwa kwa wadogo, kwamba yaliyotokea kwenye ubao wa ujuzi yalifanywa na mikono isiyojulikana. Mikono hiyo, nakiri, ilikuwa na gundi.

Nilikuwa nimefukuzwa bweni kwa wiki mbili. Shangazi, asiyethubutu kuniacha nyumbani peke yangu, akawa ananiburuta hadi kiwanda cha kufulia mashuka alikofanya kazi. Ukutani palikuwa na ubao: majina upande huu, kuanzia la msimamizi, mashine juu. Kidoti chekundu, usiguse. Cha njano, fanya ukiangaliwa. Cha kijani, fanya peke yako. Kila asubuhi msimamizi aligawa kazi akiutazama ubao, si watu. Shangazi, mkunja mashuka wa miaka kumi na moja, alikuwa mwekundu mstari mzima. Jumatatu akajikuta wa kijani kwenye pasi kubwa, yenye mapipa mawili ya moto yanayomeza shuka.

Nilitegemea vicheko. Hakuna aliyecheka. Fundi wa pasi alimtazama kwa jicho la pembeni, akaulizia ameongea na nani ofisini. Wakunjaji wenzake walinyamaza kila alipokaribia. Shangazi naye alishuku mtego: wanataka aharibu, wapate sababu ya kumwachisha kazi. Basi akaamua kutoharibu. Akawa anawahi kazini, anamfuata fundi kama kivuli, anaandika maelezo kiganjani. Yeye, ambaye hata bomba likivuja husema si kazi yake, akaanza kufunga mabomba.

Alhamisi fundi hakuja. Alituma ujumbe kwamba tumbo linamsumbua, na hakuna aliyeliamini hilo tumbo. Msimamizi akautazama ubao, akamnyooshea shangazi kidole.

Shangazi akavua bangili. Mapipa yakaanza kuzunguka. Nikakumbuka fundi alivyosimulia kuhusu mtu aliyeacha vidole viwili humo, nikakimbia na kubonyeza swichi ya dharura.

Mapipa yakasimama. Shangazi akanishika mkono, akabandua kitu kwenye kiwiko changu. Kidoti cha kijani.

"Mwanangu, hiki umekitoa wapi?"

"Kwenye droo ya ofisi, shangazi. Ni mimi niliyekubandikia."

Alikitazama kiganja chake chenye maandishi, kisha akamgeukia msimamizi. "Niwekee cha njano. Hicho nimekitolea jasho."

Msimamizi akaniuliza kama kuna kingine nilichogusa.

"Kimoja tu, mzee," nikasema. "Kile chekundu kwenye jina lako."