Kilo za Mama Mkwe

Naanza na gari, maana bila gari hamtaelewa kwa nini miaka kumi na moja nilimkalisha mama mkwe wangu kiti cha nyuma kama mzigo.

Ni gari la Kijerumani, jeusi, silinda nane, na linasukumwa na magurudumu ya nyuma. Nililinunua kwa daktari wa meno wa mji wa Kuopio ambaye lilimshinda majira ya baridi ya kwanza tu. Alilitia mtaroni mara tatu kati ya Krismasi na Pasaka, akanikabidhi funguo. Kiangazi gari hili halina mpinzani. Lakini theluji ikianguka, na kwetu Savo, huku kaskazini kabisa, inaanguka Novemba na kukaa mpaka Aprili, linakuwa na kichwa chake. Injini nzito iko mbele, nguvu iko nyuma, na huko nyuma ni kwepesi. Ukizidisha mafuta kidogo tu, mkia unakuja kukusalimia dirishani. Majirani wote wana vigari vinavyovutwa na magurudumu ya mbele, na kila mwaka wananiambia, "Taisto, uza hilo jeneza." Siuzi ng'o. Nalipenda, mtanifanya nini?

Dawa yake ni uzito. Wengine huweka mifuko ya mchanga kwenye buti. Mimi nilikuwa na mama mkwe.

Tyyne, mama yake mke wangu Raili, alikuwa na kilo tisini na mbili. Sisemi kwa dharau. Alipimwa kwenye mizani ya viazi pale dukani kijijini, mbele za watu, baada ya kubishana na muuza nyama nani mzito, na alimshinda. Kila Jumamosi mchana nilikwenda kumchukua nyumbani kwake, ng'ambo ya kilima cha Ukkomäki, aje kwetu kwa sauna, lile bafu letu la mvuke wa moto, na chakula. Siku ya kwanza alipokaa nyuma, katikati, gari lilipanda kilima likiwa limetulia tuli, nikashangaa mwenyewe.

"Mama," nikamwambia, "wewe ndiwe mchanga wangu."

"Na wewe ndiwe adhabu yangu," akajibu. "Sijui binti yangu alikuokota wapi."

Basi ikawa ndiyo salamu yetu. Anafungua mlango, anajitupa kitini, springi zinalia, anasema, "Haya, mchanga umefika. Endesha hilo kopo lako." Na njia nzima ananitukana mpaka tunafika.

Mwaka huu, baada ya Krismasi, alianza vituko. Kwetu wanawake huingia sauna kwanza, pamoja, ndipo wanaume. Tyyne akaanza kusema moyo unamdunda, ataingia wa mwisho, peke yake, mvuke ukishapoa. Raili alinuna. "Mama anaanza kunionea haya uzeeni!" Mezani alivaa makoti mawili, ati nyumba yetu ina upepo. Na kila Jumamosi alikuja na mkoba wake mkubwa wa ngozi, ameukumbatia kwa mikono miwili, hataki niuguse.

"Umebeba nini humo, mama?"

"Mambo ya wanawake. Tazama barabara."

Nikatazama barabara. Mjinga mimi.

Jumamosi ile ya Februari barabara ilikuwa mbaya kuliko zote. Mvua ilinyesha jana yake juu ya theluji, kisha usiku baridi ikakaza, na kila kitu kikawa kioo. Tyyne alitoka bila mkoba, ameshika ukingo wa baraza kwa muda kabla hajashuka ngazi. Akaingia nyuma.

"Mchanga umefika," akasema, taratibu. Springi hazikulia. Nilisikia kwamba hazikulia, ila sikutia akilini.

Kilima cha barafu kina masharti yake. Chukua mwendo wako chini, gia ya pili, mguu mwepesi kama unampita paka aliyelala. Ukishaanza kupanda usiongeze, usipunguze, na breki isahau kabisa. Nilifanya yote. Katikati ya kilima, mahali ambapo miaka kumi na moja gari halijawahi kutikisika, mkia ukaenda kushoto. Nikageuza usukani kuufuata. Ukarudi kulia kwa hasira. Nikaufuata tena. Magurudumu yakazunguka bure yakipiga kelele, gari likasimama, likafikiri kidogo, kisha likaanza kurudi nyuma lenyewe.

Hapo huna la kufanya ila kugeuza shingo na kuliongoza. Niligeuka, nikaonana uso kwa uso na mama mkwe. Siku nyingine angekuwa anacheka na kuniita kila jina la mnyama. Leo ameshika kiti kwa mikono yote miwili, macho yamemtoka, kimya. Tuliteremka hivyo hivyo mpaka chini, tukaishia kwenye lundo la theluji karibu na lango lake.

Nikawaka. "Mama, umekaa pembeni! Nimekwambia mara ngapi, ukae katikati!"

"Nimekaa katikati, Taisto."

Nikatazama. Kweli, alikuwa katikati.

Nikashuka nikiwa nanung'unika, niende nikachote majivu kwenye sauna yake nimwage chini ya matairi. Tyyne amewasha sauna yake kila Jumatano tangu alipoolewa. Nikafungua mlango, ndani hakuna hata harufu ya moshi. Ndoo ya majivu ina utando wa buibui. Na jiko, lile jiko ambalo juu yake hukaa mawe ya kumwagia maji, lilikuwa limevuliwa, nusu ya mawe haipo.

Niliporudi na ndoo nikauona mkoba barazani, nyuma ya mlango. Nikaunyanyua kwa mkono mmoja, ukanivuta bega. Si chini ya kilo kumi na mbili. Nikaufungua. Mawe ya sauna, meusi, yamefungwa kwa taulo vizuri ili yasigongane.

Nikakaa kwenye ngazi, nikakumbuka yale makoti mawili na zile springi ambazo hazikulia. Mwanamke mgonjwa alikuwa anabeba mawe kila Jumamosi ili gari langu lisimsaliti. Na leo hakuweza kuyabeba.

Nilirudi garini nikakaa nyuma, kando yake. Chini ya yale makoti hapakuwa na mtu wa kutosha.

"Kilo ngapi, mama?"

Akatazama dirishani. "Sitini na tatu. Nilijipima Jumatano."

"Tangu lini?"

"Oktoba. Chakula hakishuki. Nikimeza kinasimama hapa."

"Na hukusema!" Nilipiga kelele, na bado naona aibu. "Miezi minne! Raili angekupeleka hospitali siku hiyo hiyo!"

"Ndiyo sababu sikusema." Alijifuta pua kwa glavu. "Angenipeleka hospitali, na wewe ungeweka mchanga wa kweli kwenye buti. Mchanga hauli, Taisto. Hauombi kahawa, haukutukani njia nzima. Kwa nini uvuke kilima kila Jumamosi kumfuata bibi wa kilo sitini?"

Nililia. Sisi wanaume wa Savo hatulii mbele ya mama mkwe, lakini nililia, na kamasi juu.

"Mama, wewe ni mjinga kweli kweli."

"Chunga mdomo wako. Mimi ni mama wa mkeo."

"Mchanga ninao! Mifuko minne! Raili aliuleta mwaka ule ule wa kwanza, uko gereji nyuma ya kuni. Sijawahi kuufungua hata mmoja."

Akageuka kunitazama. "Minne?"

"Minne."

"Miaka kumi na moja?"

"Miaka kumi na moja."

Akajifunika uso kwa glavu. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka. "Na umenikalisha nyuma muda wote huo, mbwa wewe!"

Nilimwaga majivu, nikatupa ule mkoba wa mawe kwenye buti, nikaja nikamfungulia mlango wa mbele.

"Na mkia?" akauliza. "Nani ataushika?"

"Ucheze utakavyo. Wewe kaa hapa."

Alikaa mbele kwa mara ya kwanza. Nikamfunga mkanda mwenyewe, nikauvuta ukazidi kuvutika, na hilo likaniuma kuliko yote. Tukachukua mwendo. Mkia ulikwenda kushoto, ukaenda kulia, nikaufuata kila ulikokwenda bila kuubishia, na tulipanda Ukkomäki kiubavu ubavu, inchi kwa inchi, mpaka juu.

Juu kuna njia panda. Kushoto ni nyumbani kwetu, sauna imeshapata moto na Raili anasubiri. Nikakata kulia, njia ya Kuopio, kwenye hospitali. Tyyne aliona. Nilingoja aanze kelele.

"Raili je?" akasema.

"Tutampigia simu tukifika."

Akatikisa kichwa kukubali. Akaweka mkono wake juu ya wangu, pale kwenye gia, na glavu yake ilikuwa nyepesi kama haina kitu ndani.

"Polepole basi, mkwe wangu," akasema. "Huko nyuma hakuna mtu."