Mlango Ufungwe Saa Kumi

Tangu asubuhi Dobi alikuwa akinyoosha nguo huku akipiga mluzi, na mke wake alisimama na ndoo mkononi kumsikiliza, maana mluzi huo hakuwa ameusikia tangu siku ile. Pasi ya mkaa ilikuwa imekolea. Meza ilikuwa ya kuazima, blanketi la kunyooshea lilikuwa na matundu ya kuungua, na mkaa wenyewe siku hizi unauzwa kwa kupunjwapunjwa, lakini leo nani alikuwa na muda wa kulalamika? Ufunguo ulikuwa mfukoni. Kila alipomaliza shati moja aliingiza mkono akaugusa, ahakikishe hajauota.

Funguo zilikuwa zimegawiwa asubuhi hiyo kwa familia zote za mahemani. Jengo lilikuwa la ghorofa moja, limepakwa rangi ya maziwa, lina vioo madirishani na mlango wa chuma kwa kila chumba. Watoto walifungua na kufunga mabomba ya uani mpaka wakafukuzwa. Wanawake waliitana majirani kwa vigelegele kabla hata ya kujua nani anakaa na nani. Bucha, ambaye bucha lake liliporomoka lote asibaki hata na kisu, alipita na kabati mgongoni akiimba kwa sauti mbaya, na hakuna aliyemwambia anyamaze. Watu walikuwa na furaha, tena furaha ya kelele, ya watu waliokaa kimya muda mrefu.

Siku ile ilikuwa siku ya tetemeko. Hakuna aliyeitaja kwa jina lake. Walisema "siku ile," wakatazama pembeni, na mazungumzo yakahamia kwenye bei ya unga.

Afisa Makazi aliwakusanya baada ya kugawa funguo. Alikuwa mtu nadhifu, amevaa viatu vya kuchomeka vinavyong'aa, na pembeni yake alisimama askari wa lango.

"Hongereni sana," alisema. "Sasa nisikilizeni. Saa kumi kamili napita chumba kwa chumba. Nataka nikute watu ndani, kitanda kimetandikwa, mlango umefungwa. Nikikuta chumba kiko wazi na mwenyewe yuko nje, huyo hakihitaji, na wanaokihitaji wamejaa tele. Kesho mkurugenzi anakuja na wageni waliotoa msaada. Hawataki kuona watu wanabarizi uani kama wako bado mahemani. Wanataka kuona watu waliopona."

"Mkuu," Mwalimu aliuliza, "tukiacha mlango wazi kidogo, kwa ajili ya hewa?"

"Hewa iko dirishani, Mwalimu."

Watu wakacheka, wakapiga makofi, wakatawanyika kubeba vitu vyao. Huko uwanjani walikotoka, lori lilikuwa limeshapakia mahema yote, na mahali walipolala miezi yote ile pamebaki miraba ya majani makavu.

Ilipofika adhuhuri vitu vyote vilikuwa ndani na watu wote walikuwa nje.

Kila mtu alikuwa na sababu yake. Bucha alisema rangi mbichi inampanda kichwani. Mwalimu, mwanamke mwenye sauti ya kunyamazisha darasa zima kwa kukohoa tu, alikuwa akifua pazia alilolifua jana. Mama Kuku wa chumba cha chini alikuwa akimtafuta kuku aliyesimama mbele yake. Mke wa Dobi alikuwa akigeuza nguo kambani, nguo zilizokwisha kukauka kitambo. Na Dobi mwenyewe alikuwa na sababu nzuri kuliko zote, moshi wa mkaa. Huwezi kunyooshea nguo chumbani kwa pasi ya mkaa ukaifukiza familia yako. Sababu hiyo aliwaeleza watu wanne, na hakuna hata mmoja aliyekuwa ameuliza.

Balaa ni kwamba kila mmoja aliamini ni yeye peke yake. Dobi alimtazama Bucha, pande la mtu lile, akasema moyoni, huyu ni rangi tu inamsumbua. Alimtazama Mwalimu, akasema huyu anapenda usafi. Wenzangu wamepona, aliwaza, mimi ndiye mwoga wa jengo zima. Akachochea mkaa usiohitaji kuchochewa.

Ukweli ni kwamba asubuhi alipoingia chumbani na godoro kichwani, upepo uliusukuma mlango ukajifunga nyuma yake. Alipozinduka alikuwa chini ya ngazi, bado amebeba godoro, na hakukumbuka alivyoshuka. Siku ile yeye alikuwa nje akianua nguo, na mdogo wake alikuwa ndani akinyoosha. Ukuta ulikaa upande, fremu ikaubana mlango. Dobi alivuta kitasa mpaka kikang'oka kikabaki mkononi mwake, na upande wa pili mdogo wake alikuwa akimwita, kaka, kaka, mpaka paa liliposhuka. Alikuwa amemweleza mke wake nusu ya habari hiyo. Nusu iliyobaki alijikaza nayo kisabuni, na ilikuwa ikimla taratibu.

Saa kumi ilipokaribia alikwenda kuchutama pembeni ya mkeka aliokalia mama mkwe wake.

"Mama," alisema kwa adabu, "muda unakwenda. Tungepanda sasa."

"Pandeni, baba. Haya magoti yangu na ngazi hayaelewani."

"Tutakushika mkono."

"Kwani mimi mtoto mchanga? Nitapanda kesho, magoti yakishapoa."

"Kesho chumba kitakuwa cha mtu mwingine, mama," binti yake alisema kutoka kambani. "Na hema limeshachukuliwa. Utalala wapi?"

"Bora nilale barabarani kuliko kufukiwa tena na teteme—"

Neno lilimtoka kabla hajalizuia. Mama mkwe akaziba mdomo kwa ncha ya mtandio. Mama Kuku akaacha kumwita kuku, na Mwalimu akabaki na pazia linalovuja maji mikononi. Kwa kitambo kila mtu uani alitazama kitu alichokuwa amekishika. Kisha Bucha akakohoa, akasema lo, rangi hii, na watu wakarudi kwenye shughuli zao zisizokuwepo.

Mama mkwe aliinuka bila kusaidiwa. Walipanda.

Chumba kilikuwa kizuri, hapo hakuna uongo. Sakafu laini, kuta nyeupe, dirisha linaloona ua mzima. Mke wa Dobi alikuwa ametandika shuka la maua, na juu ya stuli karibu na kitanda ameweka bilauri ya maji. Hakuna aliyekuwa na kiu. Tangu siku ile kila hema lilikuwa na bilauri kama hiyo, na watu walilala wakiitazama. Maji yakitulia, ardhi imetulia. Hakuna aliyefundisha jambo hilo na hakuna aliyelizungumzia.

Milango mingine ilisikika ikifungwa, mmoja baada ya mwingine, chini na juu. Dobi akapiga moyo konde akaufunga wa kwao. Walikaa kitandani watatu wamebanana, macho kwenye bilauri, huku kitanda kizima kikiwa kitupu pembeni yao.

Afisa Makazi alibisha na kuingia papo hapo, askari nyuma yake.

"Safi kabisa," alisema. "Shuka zuri. Mbona mmekaa kama mnasubiri basi? Jiachieni, hapa ni kwenu. Ngoja niangalie komeo, maana mkandarasi ametuletea mengine hayafai."

Akaurudisha mlango, akasukuma komeo kwa kiganja. Lilikwenda kwa kukwaruza, likanasa kwenye rangi mbichi.

"Linafanya kazi," alisema kwa kuridhika. "Mbona unatoka jasho, Dobi?"

"Joto la pasi, mkuu."

"Pasi iko wapi?"

Pasi ilikuwa uani. Dobi alifungua mdomo atafute jibu lingine, na hapo akaona maji yanajikunja pembezoni mwa bilauri. Vioo vya dirisha vikaanza kugongagonga. Mke wake alikuwa akiyatazama maji. Mama yake vilevile. Askari naye, na Afisa Makazi, wote wawili walikuwa wamekodoa macho kwenye bilauri ya watu wasiokuwa na kiu, na Dobi akajua hawakuhitaji kuelezwa maana yake.

Wakauvamia mlango. Dobi alikuwa wa kwanza kulishika komeo. Alivuta, likagoma. Alivuta tena, na akasikia sauti yake mwenyewe ikisema, "Nakuja, nakuja, mdogo wangu, nakuja," wala hakuona aibu. Komeo likaachia. Mlango ukafunguka mpaka ukapiga ukuta.

Ikawa mguu niponye. Jengo zima lilimwagika. Mama mkwe, mwenye magoti yasiyoelewana na ngazi, alikuwa wa kwanza kugusa ardhi. Bucha alitoka amekumbatia mto badala ya mkewe, na mkewe akatoka nyuma yake akimtukana. Mwalimu aliruka kizingiti na ndoo. Walikusanyika katikati ya ua, mbali na kuta, wameshikana bila kuchagua nani anamshika nani.

Barabarani lori la kokoto lilikuwa linapita. Dereva aliona umati umesimama unamtazama, akapunga mkono.

Mama Kuku ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka akachuchumaa, na kicheko kikaambukiza ua mzima, watu wakapigana mabega, wakaonyeshana vidole. Wengine walicheka wakaishia kulia, na waliokuwa wakilia wakarudi kucheka, na hakuna aliyeona ajabu.

"Ni lori tu, jamani," Afisa Makazi alisema. Sauti yake ilikuwa bado haijatulia. "Lori la kokoto. Rudini vyumbani." Hakuna aliyesogea. "Dobi, wewe ni mtu mzima mwenye akili. Panda, wenzako watakufuata."

Dobi aliitazama ngazi.

"Siwezi, mkuu," alisema. "Naogopa."

Akangoja kuchekwa. Alikuwa ameingoja aibu hiyo miezi mingi, na sasa ameiita mwenyewe kwa mdomo wake.

"Hata mimi," Bucha alisema, mto bado kifuani. "Ile rangi haina harufu yoyote."

"Lile pazia nimelifua mara mbili leo," Mwalimu alisema.

"Magoti yangu ni mazima," mama mkwe alisema.

Basi pakawa kama bomba limepasuka. Watu waliisema siku ile, wote kwa mpigo, wakikatizana, wakisahihishana, nani alikuwa wapi, nani alishika nini, ukuta upi ulianza. Waliyataja majina ya waliokufa kwa sauti, kama unavyomtaja mtu aliyeko chumba cha pili. Dobi alimalizia nusu ya pili ya habari yake mbele ya mke wake na mbele ya kila mtu. Mke wake alikishika kile kiganja kilichobaki na kitasa, akakiweka shavuni. Ilikuwa kelele kubwa kuliko ya asubuhi. Dobi alihisi kifua kinapumua chote kwa mara ya kwanza tangu siku ile.

"Nisikilizeni," Afisa Makazi alipaza sauti. "Habari za hofu si za ofisi yangu. Mimi nimepewa kazi ya vyumba, na taarifa imeshakwenda kwamba watu wameingia na wanaendelea vizuri. Dobi, wewe ndiye uliyeanzisha maneno haya. Chumba chako kesho nampa mtu mwingine."

Hema halikuwepo. Alimtazama mke wake, na mke wake alikuwa ameshaanza kuukung'uta mkeka autandike vizuri hapo uani.

"Mpe, mkuu," Dobi alisema. "Ila umweleze ukweli kabla hajaingia."

Afisa akageuka aondoke. Alipiga hatua mbili, akasimama, akajitazama chini. Mguu wa kulia ulikuwa na soksi tupu.

"Kiatu changu kiko juu," alimwambia askari. "Nenda kanichukulie."

Askari aliitazama ngazi, kisha ule mlango ulio wazi.

"Mkuu, mimi zamu yangu ni ya langoni," alisema kwa heshima.

"Dobi." Sasa sauti ilikuwa ya chini, karibu ya kuomba. "Wewe ni mwenyeji."

"Kitakuwa huko huko chumbani, mkuu. Mlango uko wazi. Panda tu."

Afisa Makazi aliweka mguu wenye kiatu kwenye ngazi ya kwanza, akashika ukuta. Watu hawakumcheka. Walijua alichokuwa anakitafuta mwilini mwake, na baadhi yao walitamani kwa moyo wote akipate. Alikaa hivyo muda mrefu, shingo imeinuka. Kisha akaushusha mguu.

"Jamani," alisema bila kumtazama mtu, "kesho mkurugenzi akiwauliza, semeni mmelala ndani. Mkisema hivyo, kila mtu atabaki na chumba chake. Hata Dobi."

Watu walitazamana. Dobi alimeza mate, maana neno lilikuwa dogo na chumba kilikuwa kizuri. Mama mkwe wake aliketi kwenye mkeka, akanyoosha miguu, akajifunika magoti kwa mtandio.

"Tutamwambia apande na wageni wake," alisema, "akuletee kiatu chako."